Dani Nyuma ya Dirisha la Darasa la Sita

Nyuma ya darasa la sita, katika shule ya msingi iliyo karibu na soko la Rangwe, kuna sehemu ya ukuta wa udongo iliyolainika na kung'aa kama imepakwa samli. Ni kimo cha mtu aliyeketi chini. Wapita njia huuliza ni ng'ombe gani aliyezoea kujikuna pale. Si ng'ombe. Ni mgongo wa bibi yangu.

Sisi Wajaluo bibi tunamwita dani, nami sijawahi kumwita kwa jina lingine. Jina lake ni Filister. Alizaliwa Karachuonyo, kando ya ziwa, akaolewa huku juu Rangwe, na mpaka leo wanawake wa hapa humwita Nyar Karachuonyo, yaani binti wa Karachuonyo, kana kwamba alifika jana na kesho atarudi kwao. Yeye ni mfinyanzi. Mitungi yake ya maji inajulikana mpaka Homa Bay kwa sababu haivuji na kwa sababu shingo zake ni fupi. Ukimuuliza kwa nini shingo ni fupi, husema, "Mtungi wenye shingo ndefu ni kama mwanamke anayechungulia kwa jirani. Utavunjika tu."

Mumewe alifia Kericho alikokwenda kuchuma chai. Dani alizaa watoto wengi na kuzika wengi. Waliobaki ni wawili: wa kwanza, Priscah, ambaye ni mama yangu, na kitinda mimba, Roseline. Mama aliolewa mapema na mwalimu Elijah, ambaye ni baba yangu. Kwa hiyo Roseline ni mama yangu mdogo, ingawa mimi nilizaliwa kabla yake na tulikaa darasa moja. Huo ujamaa aliutumia vibaya sana. Tukitoka shule ananitupia mfuko wake wa vitabu. "Mbebee mamako," anasema. "Au unataka laana?"

Sasa kuna jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo mengine yote yataonekana wazimu. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawakai chini ya paa moja. Mama mkwe tunamwita maro. Hampeani mikono na maro wako, huli mbele yake, humtazami usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Nilipokuwa mdogo niliona baba akiingia namna hiyo katika shamba la mtama la watu, na tai yake shingoni, kwa sababu dani alikuwa anakuja na mtungi kichwani. Nilimuuliza, "Baba, dani alikukosea nini?"

Baba alicheka. "Alinipa mamako. Mtu akikupa kitu kikubwa namna hiyo, utamtazamaje usoni?"

Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi.

Nilipoingia darasa la sita ulikuja mpango. Miaka michache tu ilikuwa imepita tangu Uhuru, na mipango ilikuwa inakuja kama siafu, ila huu ulipendwa. Watu wa Chama cha Elimu ya Nyumbani, wenye ofisi Kisumu, walisema mtoto hawezi kusoma vizuri kama mzazi wake hajui anasoma nini. Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri mzazi aje akae benchi moja na mtoto wake. Mtoto asome kwa sauti, halafu amweleze mzazi kwa Kijaluo alichosoma. Mzazi naye amweleze mtoto jambo moja la nyumbani, na mtoto aliandike. Waliuita Mpango wa Mzazi Darasani. Na waliahidi kwamba baada ya mwaka atakuja mtu kuupima, na katika shule ambazo mpango umeshika vizuri atachaguliwa msichana mmoja mmoja, mwenye akili na mwenye mzazi anayemsindikiza, apelekwe shule yao ya bweni asome mpaka mwisho bila karo.

Msichana wa kwanza darasani alikuwa Roseline. Sisemi kwa sababu ni mama yangu mdogo. Alikuwa wa kwanza hata kwa wavulana, na wavulana walimchukia kwa bidii.

Lakini mwalimu wa darasa la sita alikuwa nani? Baba yangu. Na mzazi wa Roseline alikuwa nani? Maro wake.

Ijumaa ya kwanza dani hakuja, na Roseline alisoma peke yake huku anatazama meza. Ya pili, baba aliingia darasani mapema, akalikokota dawati la Roseline mwenyewe mpaka chini ya dirisha la nyuma. Hakusema sababu. Alasiri, tulipoanza kusoma, nikasikia nje mlio niliozoea tangu utotoni: kijiwe kikisugua udongo mbichi. Shwa, shwa, shwa. Nikanyanyuka kidogo. Dani alikuwa amekaa chini nyuma ya darasa, mgongo ukutani, mtungi mapajani, anaulainisha.

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda hivyo. Roseline alisoma akiwa amegeukia dirisha, kwa sauti ambayo hata wauza vikapu sokoni waliisikia. Wavulana walimtania, "Roseline anafundisha ukuta!" Naye alijibu, "Ukuta unashika upesi kuliko nyinyi." Akimaliza kueleza, kijiwe kilinyamaza, na sauti ya dani ikaingia kupitia dirishani, inaeleza udongo wa kinamasi unachimbwa wapi au kwa nini mtungi mbichi hauonyeshwi upepo. Roseline akaandika. Baba, muda wote huo, hakukanyaga upande ule wa darasa. Alisahihisha daftari la Roseline akiwa mezani kwake. Hawakuonana hata mara moja, na sijaona watu wawili wakielewana kama wale.

Wazazi wengine walikaa ndani. Kulikuwa na Javan, fundi wa baiskeli, ambaye hakukosa Ijumaa hata moja kwa sababu darasani kulikuwa na kivuli. Alikaa, akakunja mikono, akalala. Mwanawe Paul alimsomea kwa upole kama anayembembeleza. Siku moja Javan alikoroma mpaka baba akaacha kufundisha. "Javan," baba akamwita, "Paul amesoma nini?" Javan akafumbua macho. "Amesoma vizuri sana, mwalimu."

Mwaka ukakaribia kuisha. Habari ikaja kwamba mtu wa kupima yuko njiani.

Mwenyekiti wa komiti ya shule alikuwa Cephas, mzee aliyewahi kuwa askari wa Waingereza huko Burma. Aliwaita wazazi uwanjani akawatangazia kwa Kijaluo kwamba Ijumaa watapimwa. Neno kupima limeingia hata katika Kijaluo, lakini kila mtu huliingiza kwa mlango wake.

Mama mmoja akauliza, "Kwa mizani ya pamba au kwa sindano?"

"Kama ni shamba," mzee mwingine akasema, "langu halipimwi. Mpaka wangu ni ule mkonge, na Mungu anaujua."

"Nyamazeni!" Cephas akafoka. "Hawapimi miili wala mashamba. Wanapima akili zenu!"

"Basi waje na mizani ndogo," akasema Javan, na watu wakaangua kicheko.

Dani hakucheka. Alikuwa amesimama mbali, nyuma ya wanawake, kwa sababu baba alikuwepo mbele. Alikuwa amesikia sentensi moja tu katika maneno yote ya Cephas: mgeni atataka kumwona kila mzazi kwa macho yake, amekaa na mtoto wake.

Jioni hiyo mama alinichukua twende kwa dani. Tulimkuta anakanda udongo kwa miguu. Mama akasema, "Mama, mtafute ndugu wa marehemu baba aje akae na Roseline siku hiyo moja."

"Nimekwenda. Ameniuliza mtoto wa kike anasomea nini, mtungi una alfabeti?"

"Basi mimi nitakaa kwa wote wawili."

"Wewe una mtoto wako." Akanionyesha kwa kidevu. "Mgeni atauliza, huyu mwingine ni yatima?"

Miguu ya dani ilikuwa inakanyaga udongo bila kusimama. Mwishowe akasema, "Mumeo ana chumba kingine cha kufundishia?"

Mama akaelewa. Wakapanga wao wawili, na mama akampelekea baba, na baba akakubali huku anatazama chini. Ijumaa hiyo mwalimu Orpah wa darasa la tatu angefundisha darasa letu, na baba angekwenda la tatu. Dani angekaa nyuma ya ukuta kama kawaida mpaka asikie sauti ya Orpah inaanza somo. Hapo ndipo angejua kwamba mkwe wake hayumo. Angezunguka, aingie mlangoni, akae karibu na Roseline kama wazazi wote. Dani, ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi maishani mwake, aliniuliza, "Miguu inawekwa wapi?"

Ijumaa ikafika. Mgeni alikuja na Landrova ya kijivu. Alikuwa bwana mnene, mpole, na kalamu tatu mfukoni. Jina lake Gichana, mtu wa Kisii, na Kijaluo hakukijua. Cephas akajiteua kuwa mkalimani. Alikuwa amevaa nishani zake.

Mwalimu Orpah akaanza somo. Nikasikia kijiwe nje kimenyamaza. Nikajua dani ameweka mtungi chini, anajipangusa mikono, anafunga kitambaa chake kipya kichwani. Darasa letu lilikuwa refu, limeungana na la tano, na kutoka nyuma mpaka mlangoni ni mwendo kidogo kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu. Wakati dani yuko katika mwendo huo, Bwana Gichana akainua mkono.

"Samahani, mwalimu. Wewe ndiwe unayefundisha hapa siku zote?"

Orpah akasita. "Hapana, bwana. Ni mwalimu Elijah."

"Basi aitwe. Nataka kuona mambo yalivyo, sio yalivyopambwa."

Baba akaletwa kutoka chumba cha pili. Alimwona Roseline peke yake kwenye benchi, akadhani dani angali nyuma ya ukuta. Alisimama mbele ya ubao, akashika chaki, akasema, "Darasa, fungueni..." Mama akanyanyuka nusu kutoka benchi letu. Bwana Gichana akamwambia kwa upole, "Kaa, mama, usiwe na wasiwasi."

Dani akaingia mlangoni.

Sijui nieleze vipi. Chaki ilianguka. Baba aliinua kitabu akajifunika uso, akageuka huku, akageuka kule. Mlango ulikuwa mmoja tu, na aliyesimama mlangoni ni maro wake. Basi baba yangu, mwalimu, amevaa tai na soksi ndefu, alipanda juu ya dawati la Roseline, akatoka dirishani. Tulisikia kitu kimepasuka nje. Ulikuwa mtungi wa dani.

Wavulana wakapiga kelele za kicheko, kisha wakanyamaza wote pamoja, kwa sababu hata wao walikuwa na bibi.

Dani angeweza kurudi. Mtu mwingine yeyote angerudi. Alijifunika uso kwa kitambaa, akatembea kando ya ukuta, akafika kwa Roseline, akakaa kwenye benchi na kugeuza uso wake upande wa dirisha, pale alipokuwa amezoea kusikilizia, ila sasa kutoka ndani. Miguu aliiweka juu ya ubao wa chini kama nilivyomfundisha. Na Roseline alifungua kitabu akaanza kusoma. Alisoma somo la mto unaofurika. Alisoma bila kukosea. Akamweleza mama yake kwa Kijaluo, na mama yake akamjibu kwa sauti ndogo jinsi mto wa kwao ulivyowahi kubeba zizi zima na mbuzi ndani, na Roseline akaandika.

Hilo ndilo mgeni alilokuja kupima. Lilikuwa linafanyika pale, mbele ya mpimaji. Yeye alikuwa amewapa kisogo, anazungumza na Cephas mlangoni.

"Kuna nini kati ya mwalimu na huyu mama?"

Cephas akakohoa. Alimwendea dani, akamuuliza kwa Kijaluo swali lile la mgeni. Dani akajibu bila kugeuka. "Oluora. An bende aluore."

Nitawaambia maana yake. Kijaluo kina neno moja ambalo ukilipeleka huku ni kuheshimu, ukilipeleka kule ni kuogopa. Mungu tunamfanyia hilo, chui tunamfanyia hilo, na mama mkwe pia. Mjaluo akilisikia hahitaji kuuliza ni lipi. Dani alisema: Ananiheshimu. Nami pia namheshimu.

Cephas akasimama wima kama yuko paredi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha kubeba risasi na kuomba maji. Akatafuta neno, nikamwona analitafuta. Kisha akapiga kisigino.

"Bwana mkubwa, yeye nasema mwalimu naogopa yeye. Naogopa sana. Naona yeye, nakimbia."

"Anamwogopa kwa nini?"

"Ndio hivyo tu, bwana. Watu ya hapa yote najua. Hata yeye naogopa mwalimu."

Mama akasema, "Si hivyo, bwana..." Cephas akamgeukia. "Mama, mkalimani ni moja! Jeshi haina majenerali mbili!" Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono. Neno heshima nilikuwa nalo tayari ulimini, nalijua hata ngeli yake. Bwana Gichana aliuona mkono wangu akatabasamu. "Baadaye, msichana. Vizuri sana." Alidhani nataka kujibu swali la somo.

Hata hapo jambo lingeweza kuokoka. Bwana Gichana hakuwa mtu mbaya. Alitoka nje akamtafuta baba, akamkuta nyuma ya stoo, anaondoa vigae vya mtungi kwenye soksi. Mwalimu Orpah alikuwa karibu, na yeye ndiye aliyetusimulia, sisi na soko zima la Rangwe.

"Mwalimu," Bwana Gichana alisema, "niambie ukweli. Unamwogopa yule mama?"

"Hapana, bwana."

"Basi ni mila? Maana hata kwetu..."

Hapo ndipo baba alipoharibu. Alitazama Landrova, akatazama zile kalamu tatu, akanyoosha tai. "Hapana, bwana. Hapa tumeendelea. Mila tumewaachia wazee."

"Mbona ulitoka dirishani?"

"Ni tumbo, bwana. Lilinishika ghafla."

Bwana Gichana akatikisa kichwa, akaandika.

Matokeo yalifika mvua zilipoanza, na mwalimu mkuu alituita na wazazi wetu uwanjani akayasoma. Mpango katika shule yetu umepimwa na kuonekana wa wastani. Wazazi wengi wanahudhuria. Mzazi Javan alitajwa kwa jina, mfano wa baba mtulivu anayemsikiliza mwanawe kwa subira. Watu walitaka kucheka wakashindwa. Kisha ikasomwa kwamba kuna mzazi mmoja ambaye hakuonekana katika mahudhurio ya mwaka mzima, na siku aliyoonekana, mwalimu alikimbia darasa kwa kumwogopa, akaona haya kukiri. Kwa hiyo msichana Roseline, ingawa ana akili, hapendekezwi. Nyumba anayotoka haina amani ya kumsindikiza mtoto katika masomo. Nafasi ya bweni imepewa shule nyingine, upande wa Rongo.

Dani alikuwa nyuma ya wanawake, mahali pake. Mwalimu mkuu alisoma kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuelewa. Alimshika mama kiwiko. "Wamesema lini anakwenda?"

Roseline ndiye aliyemjibu. Alisema, "Siendi, mama," akatangulia nyumbani, na mfuko wake wa vitabu aliubeba mwenyewe.

Baada ya hapo wazee nao walikuja na upimaji wao. Walisema maro ameingia chini ya paa moja na mkwe wake, na jambo hilo lisipotengenezwa litaua watoto. Dani alitoa mbuzi. Baba alitoa mbuzi. Mbuzi wakaliwa na wazee waliosema kwamba mambo ya siku hizi yameharibu nchi. Wakristo wenzake kanisani nao wakamsema dani kwa kukubali kutoa mbuzi wa mila. Kwa hiyo alikosea kwa kuingia, akakosea kwa kutengeneza. Huku alikuwa mwanamke asiye na haya, kule alikuwa mwanamke wa kizamani, na Kisumu, katika kabati la ofisi, yeye ni mama anayetisha walimu.

Mtihani wa darasa la saba Roseline aliupita, kunizidi mimi. Baba aliuza ng'ombe, na ng'ombe wa mwalimu ni wachache. Akalipia karo ya mmoja. Sihitaji kuwaambia ni nani, maana ninayeandika haya niko kidato cha pili. Roseline yuko Migori, anapika na kulea watoto kwa Bashir, mwenye duka la vitambaa. Hateswi. Mke wa Bashir, Kaltum, ni mama mwema, anamnunulia nguo kila Idi. Nilipomtembelea alinifungulia mlango akiwa na mtoto mgongoni. Nikamwambia, kwa mzaha wetu wa zamani, "Mama, leta nikubebee."

Akasema, "Huyu si mzito kama vitabu," akaingia kutazama chungu.

Shuleni kwetu nina rafiki kutoka Kisii, jina lake Kemunto. Siku moja nilimsimulia baba alivyotoka dirishani, nikitegemea acheke. Hakucheka. Alisema kwao pia, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai pamoja, hawatazamani, na kwamba mtu asiyejua hilo haitwi mtu. Tena jambo hilo wana jina lake: chinsoni.

"Watu wote wa Kisii wanajua?" nikamuuliza.

"Hata mtoto wa darasa la kwanza," akasema.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Bwana Gichana alianza kusema, maana hata kwetu. Alikuwa amebakiza maneno machache tu.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa dani. Nilimkuta anasugua mtungi, mgongo ukutani mwa jiko lake, kijiwe kile kile. Nilikuwa na kitabu, nikamwambia, "Dani, nikusomee?"

"Hapana, mjukuu wangu. Kaa tu." Akasugua, akasugua. Kisha akauliza, "Lile neno la Cephas. Mpaka leo sijaambiwa sawasawa. Mimi nilisema luor. Kwa Kiswahili, luor ni nini?"

"Heshima, dani."

"He-si-ma." Ulimi wake haukuipata ile sh. "Ni neno gumu?"

"Si gumu."

"Cephas hakulijua?"

"Alilijua. Kila baraza husema, waheshimiwa wananchi. Siku ile halikumjia."

Dani akaugeuza mtungi, akautazama kwa ndani kama anayetafuta ufa. "Halikumjia," akarudia. "Na mumewe mamako, mwalimu, lilimjia?"

Yeye hawezi kumsema vibaya mkwe wake, hata akiwa hayupo, na mimi siwezi kumsema baba yangu. Tukakaa. Njiani, nje ya ua wa katani, nikasikia kengele ya baiskeli ninayoijua. Baba alikuwa anatoka shule. Dani naye aliisikia. Aliacha kijiwe, akauchukua mtungi mbichi kwa mikono miwili, akainuka kwa magoti yake mabovu, akaingia jikoni na kujifungia mlango mpaka baiskeli ipite.

Nje, baba alishuka. Niliona kofia yake juu ya ua, inakwenda taratibu, na uso ameugeuzia upande wa pili, kwenye shamba la mtama.